Kuchanganya klachi ya kiwanda na ya pembeni kwenye Impreza ya tabo

Ukitaka kujua hali ya klachi yako hapa Kigoma, usiishuke Barabara ya Lumumba. Ipande. Toka stesheni, elekea Mwanga, na omba Mungu bodaboda akukatize katikati ya mlima ili usimame kabisa. Kisha ondoka. Mimi Impreza yangu, Subaru ya tabo, ilinidhalilisha pale pale: nikaachia pedali taratibu, gari likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, likazima, likarudi nyuma kidogo, likaruka tena. Kiti cha nyuma alikuwa shangazi yangu na ndoo ya mawese. Harufu ya mawese bado iko kwenye zulia hadi leo.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga klachi pleti ya kisasa ya mapande sita ya metali, ile ya watu wa mashindano, nikaibana na presha pleti ya kiwanda iliyochoka, juu ya flaiwili ambayo haikuguswa. Vitu vitatu, kila kimoja na tabia yake: flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, klachi pleti ni sahani ya msuguano inayozungusha shafti ya giaboksi, na presha pleti ndiyo inayoibana sahani hiyo kwenye flaiwili. Tangu hapo nimefunga klachi nyingi za mchanganyiko kwenye magari ya watu, na nyingi zinatembea vizuri. Kuchanganya hakuna dhambi. Ila lazima ujue kila kipande kinaamua nini, na ukumbuke kwamba klachi ndiyo fyuzi ya giaboksi. Giaboksi ya gia tano ya Subaru inajulikana dunia nzima kwa kukatika meno ya gia inapopewa mshtuko. Ukifunga klachi isiyoteleza hata kidogo, mshtuko wote utaingia kwenye gia. Klachi utaipata kwa basi kutoka Dar. Giaboksi nzima ni habari nyingine.

Nikisema "ya kiwanda" namaanisha kipande cha aina iliyotoka na gari. "Ya pembeni" ni kilichotengenezwa na kampuni nyingine, mara nyingi kwa ajili ya kubeba nguvu zaidi. Mpaka huo wenyewe una ukungu: Exedy wa Osaka wanawatengenezea klachi watengenezaji wa magari wa Japani, na wakati huohuo wanauza klachi za mashindano kwa jina lao. Kwa hiyo usishangae ukikuta mhuri uleule kwenye presha pleti iliyotoka na gari na kwenye ile ya boksi jipya.

Kwanza: jua una klachi ya kuvuta au ya kusukuma

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukikanyaga pedali, mkono wa chuma unaoitwa foku unasogeza beringi ya klachi. Kwenye klachi ya kusukuma, beringi inasukuma vidole vya springi ya presha pleti kuelekea injini ili iachie. Kwenye ya kuvuta, beringi imeng'ang'ania ndani ya vidole na inavivuta kuelekea giaboksi. Impreza nyingi za tabo zenye gia tano, za bodi ya GC8 (kizazi cha kwanza) na za GD (kizazi cha pili) za mwanzo, ni za kuvuta, na klachi pleti yake ina kipenyo cha milimita 230. Zisizo na tabo ni za kusukuma, milimita 225. STI, Impreza ya tabo iliyo kali zaidi, ya gia sita ni ya kuvuta, milimita 240. Halafu kuanzia modeli ya 2006, WRX (Impreza ya tabo ya kawaida) nyingi za gia tano zikahamia kwenye kusukuma. Kwa hiyo magari mawili yaliyofanana sura, yote WRX, yote gia tano, yanaweza kukataa kubadilishana klachi.

Huwezi kuchanganya katika mstari huu. Presha pleti, beringi, foku na nyumba ya giaboksi vinaenda kwa ukoo mmoja. Klachi pleti peke yake inaweza kuvuka, kama kipenyo na meno ya katikati vinalingana. Niliwahi kuagiza seti Dar, ikafika baada ya siku nne, nikafungua boksi mbele ya mteja: presha pleti ya kusukuma kwa gari la kuvuta. Muuzaji aliuliza tu "Subaru ya tabo?" nami nikajibu ndiyo. Siku hizi simuulizi mtu jina la gari. Namtumia picha ya kipande cha zamani, kipenyo, idadi ya meno na idadi ya matundu ya bolti.

Bila kufungua giaboksi utajuaje? Angalia ubavuni mwa nyumba ya klachi. Zile za kuvuta zina kizibo cha chuma kinachofunguliwa kwa spana ya pembe sita ya ndani, namba 10. Nyuma yake ndiyo imelala shafti ya foku.

Pili: piga hesabu kabla ya kutoa hela

Uwezo wa klachi ni nguvu ya presha pleti kubana, mara usugu wa klachi pleti (namba inayoonyesha inavyokataa kuteleza), mara nusu-kipenyo cha wastani, mara mbili kwa sababu klachi pleti inashikwa pande zote mbili. Basi.

Tuchukue mfano. Presha pleti inabana kwa nyutoni 6,500. Klachi pleti ya kawaida ina usugu wa 0.3. Eneo la msuguano lina kipenyo cha nje milimita 230 na cha ndani 150, kwa hiyo nusu-kipenyo cha wastani ni mita 0.095. Jibu ni kama Nm 370 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). WRX ya Japani ya miaka ya 2001 na 2002 yenye nguvu farasi 250 inatoa Nm 333. Umeona jinsi nafasi ilivyo ndogo? Sasa klachi ikipata moto mlimani, au sili ya injini ikivujisha oili kidogo, usugu ukashuka hadi 0.2, unabaki na Nm 247. Inateleza, inazidi kupata moto, inazidi kuteleza.

Ukiweka presha pleti inayobana zaidi kwa asilimia 20, klachi pleti ikabaki ileile, unapata Nm 445. Ukiacha presha pleti ya kiwanda ukaweka klachi pleti ya metali yenye usugu wa 0.4, unapata kama Nm 494. Kwenye karatasi, ya pili inashinda. Barabarani, ya kwanza ndiyo inayoondoka Lumumba bila kumwaga mawese, kwa sababu metali inashika ghafla na kuachia ghafla. Karatasi haina shangazi.

Tatu: chagua mchanganyiko

Presha pleti ya pembeni yenye nguvu kidogo, pamoja na klachi pleti ya kawaida yenye springi katikati, kwenye flaiwili ya kiwanda iliyosawazishwa. Huu ndio ninaoufunga mara nyingi kwa gari la mtaani lililoongezwa nguvu kiasi. Pedali inakuwa nzito, mguu utazoea baada ya wiki. Usizidi asilimia 20 hadi 30 ya kubana. Kila unapokanyaga pedali, nguvu ya springi hiyo inaiegemea shafti ya injini kwa mbele au kwa nyuma, na beringi inayoizuia isitembee si ya kuchezea. Kwa gari la hivyo usiwashe injini huku umekanyaga klachi mpaka chini wakati oili bado haijapanda. Weka nyutro, washa, ndipo ukanyage.

Presha pleti ya kiwanda na klachi pleti ya metali: inashika kweli, na pedali inabaki laini, ndiyo maana vijana wanaipenda. Lakini inatafuna flaiwili na uso wa presha pleti, na inatetemeka kila ukiondoka. Kama gari lako linabeba watu kati ya Mwanga na Ujiji, achana nayo. Ukiitaka kwa lazima, presha pleti iwe mpya. Kuiweka juu ya iliyochoka ndilo kosa langu la kwanza nililolisema.

Klachi pleti isiyo na springi katikati siifungi kwenye gari la barabarani. Zile springi ndizo zinazomeza mtikisiko wa injini kabla haujafika kwenye gia.

Flaiwili nyepesi ya pembeni, vingine vyote vya kiwanda: injini inapanda kwa furaha, lakini inashuka kwa haraka vilevile, na kuondoka mlimani kunataka mguu wenye adabu. Kwenye nyutro utasikia giaboksi ikigugumia. Si ugonjwa. Subaru inakaliza beringi ndogo ya kati ndani ya flaiwili yenyewe, kwa hiyo flaiwili mpya inahitaji beringi yake mpya. Na kama gari lako lilitoka na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, ukaiondoa na kuweka ya kipande kimoja, ni lazima klachi pleti iwe na springi, kwani umeondoa mahali mtikisiko ulipokuwa unamezwa.

Beringi ya klachi na foku: za kiwanda, au za kampuni inayotengenezea kiwanda. Hapa sina mjadala. Seti nyingi za bei nafuu zina presha pleti nzuri na beringi ya aibu, na beringi ikilia unashusha giaboksi upya.

Nne: pima vipande mezani

Kazi hii inafanyika ukiwa umekaa, na chai pembeni.

Chomeka klachi pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi, au kwenye klachi pleti ya zamani uhesabu meno. Subaru ya gia tano ina meno 24. Iteleze bila kukwama na bila kucheza.

Pima unene wa klachi pleti mpya kwa venia na uulinganishe na kipimo cha aina ya kiwanda ikiwa mpya. Unene ukizidi kwa milimita moja, vidole vya presha pleti vinabadili mahali vinapokaa, beringi inaanza kazi sehemu nyingine, na hata nguvu ya kubana inabadilika kwa sababu springi ile ya duara ina kilima na bonde katika nguvu zake. Watu wengi wamelaumu pampu ya klachi kwa kosa la unene.

Iweke klachi pleti kwenye flaiwili kwa mkono, upande ulioandikwa wa flaiwili ukitazama flaiwili, na izungushe. Springi zake zisiguse vichwa vya bolti za flaiwili. Nafasi ikiwa ya wasiwasi, bandika donge dogo la unga wa ngano juu ya kichwa cha bolti, funga presha pleti, fungua, pima donge limebaki na unene gani. Mke wangu ananicheka kwa hili lakini linafanya kazi kuliko kukisia.

Lalisha presha pleti juu ya flaiwili. Pini za kuelekeza zikae kwenye matundu yake bila kupigwa nyundo. Vidole vyote viwe kimo kimoja. Nikiona vidole viwili vimeinama tofauti na wenzake, au ripiti zimekandamizwa ovyo, nairudisha hata kama boksi lina jina kubwa. Boksi ni rahisi kuchapisha.

Tano: shusha giaboksi

Toa waya wa betri. Nyanyua gari, likae kwenye stendi nne imara. Jeki peke yake si stendi, na tofali si stendi. Ondoa intakula ya juu (kipoza hewa ya tabo), stata, fimbo ya kuzuia injini kuinama, ekzosi ya mbele, propela shafti, na shafti za mbele. Mwaga oili ya giaboksi kama ni chafu, inachukua lita 3.5. Pampu ya chini ya klachi ifunguliwe ikiwa na paipu yake, ifungwe pembeni kwa waya, na mtu asikanyage pedali tangu hapo, la sivyo pistoni itatoka.

Sasa kwa klachi ya kuvuta, sikiliza. Giaboksi haitatoka hata ukiita kijiji kizima, kwa sababu beringi imeshika vidole na foku imeshika beringi. Fungua kile kizibo cha ubavuni, ingiza bolti ya milimita 6 kwenye shafti ya foku, ivute itoke. Nyanyua foku itoke kwenye masikio ya beringi. Ndipo giaboksi inaachana na injini kama watu waliosameheana. Nimepokea gari ambalo fundi alitumia mtaimbo mahali hapa, akapasua nyumba ya giaboksi, na mwenyewe akaambiwa "Subaru ni ngumu".

Giaboksi ishuke juu ya jeki ya giaboksi au ishikwe na watu wawili wenye akili timamu. Usiilaze kifuani. Vumbi la klachi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ukilipuliza kwa upepo unalivuta mapafuni.

Sita: flaiwili na vitu vilivyojificha

Kama flaiwili ina madoa ya bluu au meusi, chuma kimekuwa kigumu pale. Fundi wa kukereza akiipitisha kwenye mashine ya kawaida, kisu kinaruka juu ya madoa hayo na kuacha vilima. Bora isagwe kwa jiwe. Kila kinachotolewa kwenye uso wa flaiwili bapa kinasogeza presha pleti nzima kuelekea injini, kwa hiyo usitoe zaidi ya kinachohitajika. Kwenye magari yenye flaiwili ya ngazi, ambapo presha pleti imekaa juu ya ukingo tofauti na uso wa klachi, ukikata uso tu bila ngazi, klachi haitabana vizuri hata iwe mpya.

Angalia sili ya nyuma ya injini. Angalia pia ile bomba fupi linalotoka kwenye giaboksi ambalo beringi inateleza juu yake. Ukipitisha ukucha ukakuta mfereji, beringi itakwama, na utadhani presha pleti mpya ni mbovu. Presha pleti nzito ndiyo inayofichua mfereji ambao ile laini ya kiwanda ilikuwa inauvumilia.

Hali ni hiyohiyo kwa pampu za klachi, ya juu na ya chini. Raba za miaka ishirini zilizozoea springi laini zitavuja wiki ya kwanza. Badilisha raba, na paipu laini inayovimba ukikanyaga ibadilishwe pia. Usibadilishe ukubwa wa pampu. Pampu kubwa ya juu inasogeza beringi mbali zaidi ya presha pleti inavyovumilia, na vidole vinavunjika.

Saba: funga

Bolti za flaiwili ya Subaru zinakazwa Nm 72. Safisha uso wa flaiwili na wa presha pleti kwa dawa ya breki, kwani presha pleti mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Usiguse klachi pleti kwa mikono ya grisi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kidogo sana, ukishaipaka ifute, kinachobaki kinatosha.

Panga klachi pleti katikati kwa ile pini ya plastiki inayokuja na seti, ukikosa, kipande cha shafti ya giaboksi iliyokufa. Bolti za presha pleti kaza kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, mpaka ikae, kisha malizia Nm 16 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Najua Nm 16 inaonekana ndogo. Usiongeze "kidogo ya fundi".

Rudisha giaboksi kwa usawa. Isipoingia, usivute kwa bolti za nyumba, klachi pleti haijakaa katikati au meno hayajakutana. Weka gia na zungusha shafti ya nyuma kidogo. Kwa klachi ya kuvuta, rudisha foku na shafti yake, kisha ivute foku kwa mkono kwa nguvu. Beringi ikichomoka kutoka kwenye vidole, hujamaliza. Toa hewa kwenye mfumo, kisha ndipo ufunge ekzosi.

Nane: jaribu ukiwa bado umelinyanyua

Magurudumu manne hewani, injini imezimwa, gia ya kwanza, mwenzako akanyage pedali. Gurudumu lizunguke kwa mkono. Pima pia pedali ikiwa wapi klachi inapoachia. Kama inaachia nusu ya safari na bado pedali ina njia ndefu kuelekea sakafuni, weka kizuizi cha raba chini ya pedali, maana presha pleti nyingi za pembeni hazipendi kuvutwa kupita mwisho wake.

Washa, kanyaga, hesabu hadi nne, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii kabisa: rudi kwenye hewa, unene, na mfereji wa lile bomba.

Kisha kuizoesha. Watengenezaji wengi wa klachi pleti za kawaida wanataka kilomita 500 hadi 800 za upole. Kuna mteja alinijia kwa furaha, amekwenda Tabora na kurudi, akasema kilomita 800 zimeisha. Nikamuuliza alibadilisha gia mara ngapi kwenye lami ile ya Malagarasi. Kinachozoesha klachi ni kuachia na kushika, na hiyo inapatikana mjini: Mwanga sokoni, Gungu, Ujiji, Kibirizi wakati wa kushusha dagaa. Bila kuondoka kwa fujo, bila kuishikilia nusu mlimani.

Kilomita hizo zikishafika, tafuta sehemu tambarare na tupu, gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mshale wa injini na wa kasi ipande pamoja. Mshale wa injini ukitangulia peke yake, klachi inateleza. Mshale ukitulia, nenda stesheni, geuza, simama katikati ya mlima wa Lumumba, uondoke. Ndoo ya mawese si lazima.